Nyumba Iliyoitwa Shimo

Mama Mushiya aliuza makala, yaani mkaa, na mikono yake ilikuwa myeusi hadi viwikoni kuanzia Jumatatu mpaka Jumamosi. Jumapili aliisugua kwa limau, akajifunga kitenge chake kizuri, akaenda misa kama mtu ambaye hajawahi kushika gunia. Watu wa mtaa wa Kafwaya, pembezoni mwa Kolwezi, walimjua kwa mambo mawili: ulimi wake, ambao haukuwa na breki, na nyumba yake ya matofali ya kuchoma aliyoisimamisha mwenyewe baada ya kufiwa na mume. Watoto hakujaliwa. Ndugu mjini hakuwa nao. Alichokuwa nacho ni nyumba, na ukimwamkia asubuhi alitazama kwanza paa ndipo akujibu.

Kutazama paa kulikuwa na sababu yake. Baba yake, Tata Muamba, alikuwa wa asili ya Kasai, mwana wa mtu aliyeletwa kufanya kazi ya shaba tangu enzi za Wabelgiji. Mushiya alizaliwa Kolwezi, akabatizwa Kolwezi, akang'oka meno ya utoto Kolwezi. Mwaka wa tisini na tatu, kazi ya mgodi ikiwa imeporomoka na watu wakitafuta wa kumlaumu, wale waliokuwa wakiwaazima chumvi jana walianza kuwaita watu wa asili ya Kasai bilulu, wadudu, na kuwaambia warudi kwao. Kwao wapi? Tata Muamba alifunga mlango kwa kufuli akaacha paa zima juu ya nyumba, maana alidhani hasira ya watu ni kama mvua, itakatika. "Nani anabeba paa kwenda safari?" aliuliza, na mkewe akacheka.

Treni iliyosemwa itakuja kesho haikuja kesho wala keshokutwa. Familia kwa familia zilijazana kwenye gare, yaani stesheni, chini, katikati ya sufuria na magodoro, na mvua ikawakuta hapo. Mdogo wake Mushiya, Nkongolo, alishikwa na kikohozi kilichomkunja kama jani. Tata Muamba akarudi mtaani kwa kujificha kuchukua mabati mawili matatu, malata kama wanavyoyaita Kolwezi, amfunikie mtoto. Alikuta kuta nne na mbingu. Nkongolo alizikwa kando ya reli kabla treni haijafika.

Mushiya alikaa miaka mingi Mwene-Ditu, katika Kasai aliyoambiwa ni kwao na ambayo hakujua hata njia yake ya kisimani, kisha akarudi Kolwezi mtu mzima, mke wa mtu. Siku moja aliona juu ya nyumba ya watu bati lenye mstari wa buluu ambao baba yake aliupaka kwa mkono wake. Alilitambua, akapita. Ila moyoni aliapa kwamba akifukuzwa mara ya pili hataacha paa nyuma.

Basi uvumi ulipofika Kafwaya kwamba kampuni ya mgodi wa jirani inataka kutanua shimo lake na mtaa mzima utahamishwa, wengine walikwenda kuuliza, wengine walikwenda kunywa. Mama Mushiya alipanda juu na nyundo. Aliling'oa bati moja baada ya jingine, akanyoosha misumari, akayaingiza yote ndani na kuyasimamisha ukutani kando ya kitanda chake. Kisha akaenda sokoni akanunua maturubai mawili ya rangi ya chungwa, yale ambayo wachimbaji wa mkono hufunikia mashimo yao mvua isiingie, akayatandaza juu ya nyumba na kuyafunga kwa kamba. Majirani walimcheka. Aliwajibu kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na wao hawajaumwa.

Hakukosea kushtuka. Alikosea rangi.

Miezi ilipita ndipo kampuni ikaita watu uwanjani. Aliyesema nao ni Ngeleka, kijana wa hapo hapo Kolwezi, mpole, mwenye shati lililopigwa pasi na kompyuta ya kushika mkononi. Alieleza kwamba kila mwenye nyumba atapewa lupango, yaani kiwanja chake, na nyumba mpya upande wa pili wa mji. Mwenye shimo la kuchimba hatapewa kitu, ataondoka tu. Na ili pasiwe na ujanja, nyumba zitahesabiwa kwa picha inayopigwa na setilaiti kutoka juu kabisa, mahali ambapo hata ndege haifiki.

Ungeona Kafwaya wiki ile. Wanawake walifagia yadi mpaka udongo ukang'aa. Mzee mmoja alipaka jina lake juu ya paa kwa chokaa. Mwingine alivaa suti kila asubuhi, akaketi nje mbele ya mlango, uso juu, akingoja kupigwa picha, na jua likamchoma bure, kwa maana picha ilikuwa imeshapigwa zamani, kabla hata ya ule mkutano. Kampuni haikuwa na haraka ya kulisema hilo.

Zamu ya Mama Mushiya ilipofika, Ngeleka alimwonyesha kwenye kompyuta yake Kafwaya kutoka juu. Mama alifurahi kwanza, ni lazima isemwe. Aliliona kanisa, akaona njia ya kwenda sokoni, akaona paa la jirani likimeta. Kisha Ngeleka akaweka kidole juu ya doa la rangi ya chungwa.

"Mama, apa njo fasi yako. Apa ni shimo."

"Shimo gani, tata? Apa njo kitanda yangu. Mi nalala apa."

"Ona rangi. Kila fasi ya rangi hii ni bache, ile turubai ya bakreseri, bachimbaji. Tulihesabu yote."

"Iyo bache niliweka ku nyumba. Malata iko mu chumba. Kuya uone na macho yako."

Ngeleka aliinamisha kichwa. Alieleza, kwa heshima, kwamba kwenda kuona kumekatazwa. Katika mtaa mwingine watu walisimamisha kuta kwa siku mbili, wakaweka sufuria motoni, wakaazima hata watoto wa kulia ndani. "Macho inahongwa, mama. Foto haihongwe," alisema. Akaongeza jambo moja, na hilo alilisema kwa nia njema: asirudishe mabati juu sasa, maana nyumba itakayoonekana baada ya ile picha itaitwa nyumba ya udanganyifu, na mwenye udanganyifu anapelekwa polisi.

Mama Mushiya alirudi nyumbani akaketi chini ya turubai lake. Akiliacha, yeye ni shimo. Akiliondoa, yeye ni mwongo. Alitazama mabati yamesimama ukutani, mazima, hakuna lililoibwa, na kwa mara ya kwanza tangu alipofiwa na mume alilia kwa sauti.

Jirani yake alikuwa Valérie, mwalimu wa jiografia, binti wa familia kutoka Katanga ya kaskazini, ambaye utotoni alitumwa makala kwa Mama Mushiya na siku zote akapimiwa kwa ukarimu. Valérie alikuwa na kompyuta. Darasani aliitumia kuwaonyesha wanafunzi dunia: mto Lualaba unavyojipinda, mashimo ya mgodi wa Mashamba yaliyochongwa ngazi ngazi, bahari ambayo hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuinusa. Alikuja nayo, akaketi kando ya mama kwenye kitanda.

"Mama, usilie. Hizi foto bapigaka kila mwaka, na za zamani haziendi kokote. Tutarudi nyuma."

Kabla ya kurudi nyuma walitembea kidogo, maana mama aliomba. Walikwenda Mwene-Ditu, akaona soko alilokuwa akiuza. Walikwenda Mutshatsha, na pale alikunja uso: msitu ulikuwa umetobolewa kama nguo iliyoliwa na nondo. "Ile matundu ni nini?" Valérie alisita. "Makala, mama." Mama aliuliza haraka kama nyumba ya Papa nayo inaonekana. Walikwenda Roma wakaiona, na uwanja wake wa mviringo. "Bahati yake hakuweka bache," mama alisema, na wote wawili wakacheka mpaka machozi yakapata kazi nyingine.

Ndipo Valérie akarudi nyuma. Mwaka uliotangulia: nyumba ya mama, paa jeupe, limenyooka. Mwaka wa kabla yake: jeupe vilevile. Mama alimshika mkono. Akataka waende nyuma zaidi, mpaka tisini na tatu, mpaka gare.

Valérie alijaribu kumzuia, kisha akatafuta. Picha ya miaka ile ilikuwa hafifu, nukta moja inameza nyumba kadhaa pamoja na yadi zake. Kolwezi ilikuwa ukungu wa kijivu na waridi. Reli ilikuwa uzi. Mahali pa gare palikuwa na kivuli tu.

"Bantu beko wapi?" mama aliuliza, akiwatafuta watu wa siku ile. "Tulijaa pale mpaka hakukuwa fasi ya kuweka mguu."

"Hawaonekane, mama. Ile jicho ilikuwa ingali na giza."

Kesho yake walikwenda kwa Ngeleka na zile picha mbili za paa jeupe. Valérie alisema kwa Kifaransa cha darasani, sentensi zake zimesimama wima. Ngeleka alitazama kwa makini, akazipeleka ndani kwa wakubwa, akakawia. Aliporudi hakuweza kumtazama mama usoni.

"Ni kweli, ilikuwa nyumba. Njo vile banasema. Kisha mama akatosha paa, akaling'oa, akachimba ndani. Bengi bafanyaka vile."

Na kweli wengi walifanya hivyo. Kolwezi nzima inajua watu waliochimba sebuleni kwao wakitafuta kobalti, kitanda kimesukumwa ukutani. Ushahidi uliokuja kumwokoa ulikuwa umemfunga kitanzi cha pili. Valérie alianza kubishana, sauti ikapanda. Mama alimvuta kitenge. "Tuende, mwanangu. Bale bantu bamekwisha kuona."

Majirani wakahama mmoja mmoja. Lori lilikuja, likabeba viti, kuku na bibi, na mara mlango ulipofungwa mashine ilisukuma kuta chini na kusawazisha. Jamaa ya Valérie nao walikwenda, kwa maana paa lao lilimeta. Valérie alimbembeleza mama afuatane nao, wabanane. Mama alikataa. Alisema aliwahi kuishi kwa kubanana, na anajua mgeni wa siku ya kwanza na mgeni wa mwezi wa pili. Tena, akitoka, mabati yake nani atayalinda?

Halafu uzio ukazunguka Kafwaya, na mama akabaki ndani yake. Hili ni jambo la kuchekesha kama halikukupata wewe. Waliovunja nyumba walikuwa na idadi ya nyumba, na yake haikuwemo. Walinzi waliagizwa kufukuza wachimbaji, na hawakuona mchimbaji, waliona mwanamke anayepika bukari, ugali wake. Hawakumgusa. Walimwambia tu kwamba mlango wa uzio ni wa kutoka: akitoka, harudi. Kwa hiyo hakutoka. Hakuenda sokoni, hakuenda misa. Valérie alikuja kila alipomaliza vipindi, akapitisha unga na dumu la maji kwenye waya, na wakaongea hapo kama mfungwa na mgeni wake.

Kiangazi kiliposhika, lori jekundu lilikuja limejaa udongo. Dereva, Tata Mbayo, mtu mnene mwenye kofia ya kufuma, alisimamisha gari mbele ya nyumba, akashuka, akazunguka huku na huku, akabisha hodi.

"Mama, mbote. Bananituma kufunga shimo. Shimo iko wapi?"

"Uko ndani yake, tata. Karibu."

Mbayo alitazama juu akaona turubai, akatazama chini akaona sakafu iliyofagiliwa, kitanda, picha ya Bikira Maria. Alicheka, kisha kicheko kikamkwama. Alivua kofia. Alisema hawezi kurudi na udongo, atafukuzwa kazi, na hawezi kuumwaga ndani, maana naye ana mama yake. Wakakubaliana aumwage nje, kando ya nyumba. Akiwa anapanda garini, alisema kwa huruma kwamba mama afanye haraka kutafuta pa kwenda, maana kazi inaisha, na kampuni itapiga picha nyingine ya juu kuwaonyesha wenye mali huko ng'ambo kwamba uwanja ni mtupu.

Mama Mushiya alipanda juu ya lile lundo kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Na kutoka juu pale aliona. Aliona turubai lake, la chungwa, kweli kama shimo, akakiri kwamba hata yeye angekosea. Aliona Kafwaya yote imelala tambarare, rangi moja, kutoka uzio hadi uzio, bila ukuta wala mti. Alisimama pale muda mrefu. Aliposhuka alikwenda kwenye waya kumngoja Valérie.

"Mwanangu, ile jicho ya leo, inaweza kusoma?"

"Kusoma nini, mama?"

"Maandiko. Inapashwa kuwa kubwa namna gani?"

Valérie alielewa. Alisema herufi moja iwe kubwa kama nyumba. Alipendekeza aandike NYUMBA. Mama alihesabu kwa macho akasema mabati hayatoshi, na tena neno nyumba wameshabishana nalo wakamshinda. Ataandika jingine.

Alianza asubuhi iliyofuata. Kila bati alilisugua kwa majivu na mchanga kama anavyosugua sufuria, kutu ikatoka, bati likaanza kumeta. Aliliburuta mpaka mahali pake, akaliwekea mawe pembeni upepo usilibebe. Herufi ya kwanza ilimvunja mgongo. Akamaliza ya pili, ya tatu, ya nne. Mlinzi alimwuliza anafanya nini, akajibu anaanika malata, na mlinzi akapita katikati ya neno asijue anatembea ndani yake. Ukiwa chini ulikuwa mtawanyiko wa mabati tu.

Kisha ikawa kungoja. Siku ya picha haikujulikana, na malori ya mgodi yalipita nje ya uzio yakitimua vumbi jekundu juu ya kila kitu. Kwa hiyo kila asubuhi Mama Mushiya alitoka na fagio akafagia herufi zake, M, U, T, U, kwa utaratibu, kama mtu anayefagia makaburi. Alikonda. Kuna asubuhi alifagia huku akilia na kuna asubuhi alifagia huku akitukana, na matusi yake yalikuwa mazuri. Aliogopa mvua ya kwanza. Aliogopa zaidi kwamba picha imeshapigwa tena kabla hajaandika, kama ile ya mwanzo.

Siku moja Ngeleka alikuja kwa miguu, bila kompyuta. Alisimama nje ya mlango, shati lake halikupigwa pasi.

"Mama, tulifungua foto mbele ya bakubwa bote. Uwanja mutupu, na katikati neno moja, inawaka. Mwenye kuongoza alifikiri ni mi niliandika. Akauliza, ule mutu ni nani?"

"Ukajibu nini?"

"Nilisema ni Mama Mushiya. Nilisema nilijua tangu mwanzo." Akaongeza: "Banakupa lupango na nyumba. Lori itakuya kesho. Unisamehe, mama."

Mama Mushiya hakusema amemsamehe. Alimwambia, "Kwanza ingia." Na Ngeleka, ambaye kwa mwaka mzima alikatazwa kuingia, aliinama akapita mlangoni, akaketi kwenye kigoda juu ya sakafu ngumu, akala bukari aliyopewa mpaka akaimaliza.

Nyumba mpya ilikuja na paa lake. Hata hivyo mama aliyabeba mabati yake yote, akajengea banda la makala. Jumapili moja baada ya misa Valérie alimletea kompyuta, akamwonyesha neno lake: herufi nne nyeupe juu ya udongo mwekundu, zimepinda kidogo. Mama alilitazama kwa furaha isiyojificha. Alicheka U ya mwisho ilivyolegea.

Kisha akasema, "Rudia kule ku gare."

"Haina kitu kule, mama. Unajua. Ni ile kivuli tu."

"Rudia."

Valérie akarudi mpaka tisini na tatu. Mama aliweka kidole, safi kwa siku ya Jumapili, juu ya ile nukta ya kijivu kando ya uzi wa reli.

"Mi nawaza," alisema. "Siku ile tungeandika na nini? Malata ya tata balikuwa bamekwisha kukamata. Tulikuwa na bantu tu."

Valérie aliisogeza picha karibu, karibu zaidi, mpaka kioo chote kikawa kijivu, na mama hakuondoa kidole.